Siku Kumi na Moja za Shuka Nyeupe

Kila asubuhi, saa moja kasoro, mpima hewa wa baraza la mji alipanda ngazi ya mbao iliyoegemezwa kwenye ukuta wa stendi ya zamani, akafungua sanduku la bati lililofungwa huko juu, akatoa karatasi ya duara iliyoingia jana ikiwa nyeupe, akaitazama. Ilikuwa nyeusi. Juzi ilikuwa nyeusi, na mwaka juzi vilevile. Aliitia kwenye bahasha, akaweka nyingine nyeupe, akasoma namba ya uchafu wa hewa kwenye kioo kidogo cha sanduku, akaiandika daftarini na kushuka. Wauza viatu wa pale chini walikuwa na desturi ya kumuuliza, "Bwana Pua, leo tunavuta nini?" Naye aliwajibu, "Kile kile cha jana, kimeongezwa kidogo." Jina hilo la Bwana Pua alibandikwa ofisini, likatoka lenyewe mpaka mitaani, na siku moja akarudi nyumbani akakuta hata mama yake analitumia.

Msidhani kulikuwa na fumbo la kufumbua. Hatua mia nne kutoka kwenye lile sanduku kulikuwa na dampo la mji, na dampo hilo baraza lililitia moto kila alfajiri, kwa sababu kuchoma ni rahisi kuliko kuzoa. Magodoro, mifuko, mipira ya magari, chupa za plastiki, vyote viliingia humo vikatoka moshi, na moshi ukaingia majumbani bila kupiga hodi. Waheshimiwa wa baraza walikaa upande wa pili wa mji, kwenye kilima, ambako upepo una adabu.

Lakini baraza hilohilo, enzi za wajumbe waliokuwa bado na haya, lilijitungia sheria ndogo. Namba ya sanduku ikizidi hamsini kwa siku thelathini mfululizo, uchomaji wa dampo usimame papo hapo, bila kikao wala barua. Sheria nzuri, imepigwa muhuri, iko kabatini mpaka leo. Haikuwahi kutumika hata mara moja, maana kila ikifika siku ya ishirini na kitu, ama sanduku liliharibika, ama umeme ulikatika, ama mpima hewa alipewa likizo ambayo hakuiomba. Mwaka huu wakubwa walisahau. Walikuwa wameshughulika na jambo jingine, nitalisema. Basi siku ya ishirini na sita ikafika salama, na namba ilikuwa mia na tisini na mbili.

Mama yake alizihesabu siku hizo kwa vibanio vya nguo. Alikuwa dobi wa hospitali kwa miaka thelathini na moja, kazi yake mashuka tu, na mtaa mzima ulimwita Bi Dobi. Sasa alikuwa amestaafu, na kifua kilikuwa kimemwandama vibaya. Alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, dirisha limefungwa na nyufa zake zimezibwa vitambaa, na hata hivyo kila asubuhi alipangusa masizi mezani. Kikohozi kilikuwa kikimshika mpaka anashika ukuta. Daktari alimwambia neno moja tu, kwamba moshi ule ukiendelea hatamaliza mwaka. Naye akanyoosha kamba moja ukutani chumbani kwake, na kila jioni mwanawe alipomtajia namba, alibana kibanio.

"Vimebaki vinne," alisema jioni hiyo. "Kisha nitafungua hilo dirisha, hata kama ni kwa ajili ya kumtukana jirani."

"Usijichoshe kusema, mama."

"Nisiposema nitakufa haraka zaidi. Na wewe ukishaniona napumua, tafuta mke. Mwanamke gani atakubali mtu wa miaka arobaini na tatu anayenuka mpira uliochomwa, na kazini hana hata kiti?"

Hapo alimgusa penyewe. Ni kweli hakuwa na kiti. Miaka kumi na minne alikuwa akiandika ripoti zake amesimama, daftari juu ya kizingiti cha dirisha la korido, na kila aliyepita kwenda msalani alimgonga kiwiko.

Kesho yake, kabla hajapanda ngazi, aliitwa na Mkuu wa Mazingira. Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye tai za kijani, alikuwa nazo za siku zote saba, na mezani aliweka mti mdogo wa plastiki ambao katibu wake aliumwagilia maji kwa heshima.

"Kijana," alisema Mkuu, "hilo sanduku nani aliliweka pale stendi?"

"Wataalamu, mkuu. Walisema likae karibu na watu."

"Karibu na watu, au karibu na moshi?"

"Mkuu, pale watu na moshi wanakaa pamoja."

"Ndilo kosa lenyewe. Umeweka kipimo penye moshi, unategemea kipime nini? Ukimpima mtu urefu akiwa amesimama juu ya meza, hapo utakuwa umepima mtu au meza?"

Mpima hewa alifikiri juu ya meza hiyo, asione inakohusika. Mkuu akamweleza lile jambo jingine. Mji umeingia kwenye mashindano ya Tuzo ya Mji Wenye Afya. Kwenye mzunguko wa barabara, pale karibu na stendi ya zamani, utawekwa ubao mkubwa wa taa utakaowaonyesha wananchi hali ya hewa yao saa zote. Mgeni rasmi atatoka makao makuu ya tuzo kuja kuuzindua. Sasa ubao huo usome mia na tisini na mbili, mbele ya mgeni? Hapana. Hivyo sanduku litahamishiwa bustani ya baraza, kule kilimani, ambako kuna hewa ya kupimika.

"Inatakiwa saini ya mtaalamu kwamba mahali papya panafaa," alisema, akisukuma fomu. "Na kwa kuwa baraza linaanzisha Kitengo cha Hewa Safi, kitahitaji mkuu. Nimekufikiria wewe."

"Kitengo kitakuwa na watu wangapi, mkuu?"

"Mmoja. Ndiyo maana nataka mtu makini."

Akamwonyesha chumba kupitia mlango uliokuwa wazi. Kilikuwa na dirisha, meza, na kiti cha ngozi nyeusi kinachozunguka. Mpima hewa hakuombwa kukikalia, lakini alikisukuma kidogo kwa kidole, nacho kikazunguka polepole bila kelele. Akajiambia yale ambayo kila mtu hujiambia akiwa karibu kufanya upuuzi. Kwamba nikiwa mkubwa nitasikilizwa. Kwamba nitalisemea dampo nikiwa ndani. Kwamba siku nne si kitu, tutaanza upya. Akatia saini, tena kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo.

Jioni alirudi nyumbani na kuketi mbali na ile kamba. Mama yake hakumuuliza namba. Alikuwa anatazama viatu vya mwanawe.

"Leo una nyasi mbichi viatuni," alisema. "Kila siku unaniletea majivu. Umekwenda wapi?"

Akamwambia. Alimwambia habari ya kitengo kwanza, akamwambia habari ya kiti, halafu kwa sauti ya chini akamwambia habari ya sanduku, kwamba sasa liko kati ya maua na bomba la kunyunyizia maji, na linasoma kumi na moja. Bi Dobi alisikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Aliinuka, akaenda kwenye kamba, akabandua vibanio kimoja kimoja, vyote ishirini na sita, akavitia kwenye kopo.

"Hongera ya kiti," alisema. Usiku huo alikohoa hadi asubuhi.

Wiki mbili baadaye pampu yake ya dawa ya kifua, ile ya kuvuta mdomoni, ikaisha, wakaenda zahanati. Mpima hewa alimshika mkono njiani, wakapumzika mara tano. Dirishani walimkuta mgawa dawa, msichana mpole mwenye kalamu nywelani, akawaeleza kwa upole kwamba pampu za bure zilikuwa kwa wakazi wa mitaa yenye hewa nyekundu, na kwamba tangu mwezi huu mitaa yote ya mji ni kijani. Mgao umerudishwa ulikotoka.

"Binti yangu," alisema Bi Dobi, akishika kingo za dirisha, "mimi nakohoa nyekundu au nakohoa kijani?"

"Bibi, mimi naamini. Lakini tunafuata ile," akaonyesha ukutani. Palikuwa na taarifa ya hewa ya baraza, imebandikwa vizuri, ramani nzima imepakwa kijani, na mtaa wao wa dampo ulikuwa kijani kibichi kuliko yote kwa kuwa aliyeipaka rangi aliminya sana kalamu. Chini palikuwa na saini. Bi Dobi alivaa miwani, akasogea, akaisoma kwa muda mrefu.

"Mwandiko mzuri," alimwambia mwanawe. "Nilikuchapa sana kwa ajili ya mwandiko huu."

Waliondoka na vidonge vya kikohozi cha kawaida. Mpima hewa aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Alitaka ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa na lami, ikabaki kama ilivyo, na ikambidi atembee mpaka nyumbani akiwa ameshika mkono uleule.

Sasa ule ubao ukawekwa mzungukoni, na ubao hauzinduliwi mtupu, lazima ufunikwe. Mambo ya kufunika na kufunua baraza lile liliyachukulia kwa uzito kuliko maji na barabara. Miaka mitatu nyuma, Mstahiki Meya alichungulia chini ya kitambaa cha jiwe la msingi kabla ya wakati, mpiga picha akamnasa akiwa ameinama, mgeni rasmi akaghadhibika na kuondoka na mkasi wake. Tangu hapo ikapitishwa kanuni. Kitambaa kikishatandikwa hakiguswi, hakiinuliwi, hakibadilishwi, mpaka mgeni rasmi akivute kwa mkono wake, na askari wa baraza awepo pale kukilinda mchana na usiku. Na Mkuu wa Mazingira, kwa kuwa ilikuwa sherehe ya usafi, alitaka kitambaa cheupe kuliko vyote mjini. Kila aliyemuuliza alimtajia mtu mmoja.

Mkuu akaja mwenyewe nyumbani kwa Bi Dobi, kwenye gari lenye vioo vyeusi, akafika akiwa ameziba pua kwa leso ya kijani.

"Bi mkubwa, shikamoo. Tumesikia sifa zako."

"Marahaba. Toa leso mwanangu, hewa ni safi. Imeandikwa."

Mkuu alicheka kwa adabu na leso akaiacha puani. Akaeleza haja yake. Mpima hewa, aliyesimama mlangoni, alidhani mama yake atamfukuza kwa ufagio. Lakini Bi Dobi aliuliza maswali ya fundi tu. Ubao una upana gani? Utasimama wapi hasa? Mzungukoni pale karibu na stendi? Na kitambaa kitatandikwa siku ngapi kabla?

"Siku moja tu, bi mkubwa. Mgeni anakuja Jumatatu."

"Na kikishatandikwa hakiguswi?"

"Hakiguswi kabisa. Ni kanuni."

"Basi nitakupeni. Nitashona viwili, shuka mbilimbili, na pete za kupitishia kamba, maana mimi sifanyi kazi bila akiba."

Alifua siku mbili, akipumzika kila baada ya kusuuza, na kuanika akaanika ndani kama alivyozoea siku hizi. Mwanawe alimsihi aache. Alimjibu kwamba kama hana la kufanya amshikie ncha ya pili ya shuka, wakakamua pamoja, kila mmoja upande wake, bila kutazamana. Kilipokauka na kupigwa pasi, kitambaa kile kiliumiza macho kwa weupe. Mpima hewa alikipeleka mwenyewe mzungukoni Jumapili, kikatandikwa, watu wakasimama kukitazama. Mkuu alimpiga begani na kumwambia kiti kinamsubiri, akikalie rasmi baada ya sherehe.

Jumatatu mgeni hakuja. Alikuwa na shughuli, akasogeza mpaka Alhamisi. Alhamisi akasogeza mpaka Jumatano ya wiki ya pili. Wageni rasmi ndivyo walivyo, na kanuni nazo ndivyo zilivyo. Askari alisimama pale na rungu lake, kitambaa kikabaki kimetandikwa, na dampo likachomwa kila alfajiri kama kawaida, kwa kuwa kilichokuwa kimehamishwa ni kipimo.

Mpima hewa alipita hapo kila siku akienda kusoma kumi na moja yake kule bustanini. Siku ya kwanza hakuona kitu. Siku ya tatu aliona pindo la juu limefifia. Siku ya tano lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo, na akajua vizuri sana anachokitazama, maana miaka kumi na minne alikuwa ametoa kitu hichohicho sandukuni kila asubuhi, ila kile kilikuwa kidogo cha kutosha kwenye bahasha. Hiki kilikuwa na upana wa ukuta, katikati ya mji. Wauza viatu nao waliona. "Bwana Pua," walimwita, "umetuwekea karatasi kubwa safari hii?" Aliharakisha akapita. Angeweza kwenda kwa Mkuu kumwambia. Kila siku alijiambia atakwenda kesho. Mkuu mwenyewe alipita hapo mara nne kwa siku, lakini ndani ya gari la vioo vyeusi kila kitu kina rangi moja.

Jumatano asubuhi, saa moja kabla ya mgeni, Mkuu alishuka kwenye gari kukagua maandalizi. Turubai lilikuwa tayari, viti tayari, bendi ya shule inapuliza tarumbeta. Akainua uso.

"Hii ni nini?"

"Shuka, mzee," alisema askari. "Haijaguswa na mtu."

Mkuu aliamuru igeuzwe upande wa pili. Kanuni ikavunjwa haraka haraka, ikageuzwa, na upande wa pili ulikuwa vilevile, maana moshi hauna ubaguzi. Mkuu alitokwa na jasho mpaka tai ikabadilika rangi. Akamkamata mpima hewa mkono.

"Mama yako si alishona mbili? Kimbia. Chukua gari langu. Ukirudi na hiyo ya pili, leo leo unakalia kile kiti. Ukichelewa, hunijui sikujui."

Dakika saba tu kwa gari. Mama yake hakuwapo. Mkuu mwenyewe alikuwa ameagiza aletwe mapema na kukalishwa mstari wa mbele, mgeni aone wazee wa mji wanavyopumua. Kwenye kiti chake kulikuwa na mito mitatu iliyobonyea. Mezani kulikuwa na masizi ya asubuhi ambayo hakupata muda wa kuyapangusa. Kitambaa cha pili kilikuwa juu ya kabati, kimekunjwa, kimefungwa kwa karatasi ili kisiingie vumbi. Mpima hewa alikishusha. Kilikuwa baridi na kinanuka sabuni. Alikibeba mpaka mlangoni, na pale mlangoni, kwenye msumari, aliona lile kopo la vibanio. Alisimama. Aliogopa, tuseme ukweli, kwa kuwa mtu ambaye hajawahi kukataa kitu kazini hajui kukataa kunaanzia wapi. Halafu akarudi chumbani, akakiweka kitambaa juu ya kabati, akakisawazisha vizuri kama alivyokikuta.

"Ya pili imechanika," alimwambia Mkuu mzungukoni. Huo ndio ukawa uongo wake wa kwanza wenye faida.

Hapakuwa na muda wa kumfokea, msafara wa mgeni ulikuwa umeshaingia. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mrefu, mkavu wa maneno, aliyevaa suti nyeupe. Mshereheshaji, kijana aliyejua kazi yake, alitangaza kwamba kitambaa cha kijivu kimechaguliwa makusudi kuashiria mawingu ya neema. Meya alisoma hotuba ya kurasa tisa akiwaomba wananchi wavute pumzi ndefu na kujivunia. Wachache walijaribu, wakakohoa. Kisha mgeni akapewa kamba, akavuta.

Shuka iliachia juu, ikaja yote kwa mkupuo, ikamfunika Meya na kurasa zake, na masizi ya siku kumi na moja yakainuka. Watu wa mstari wa mbele walipotea kwa muda. Bendi ilipuliza nusu ya wimbo ikaacha. Vumbi lilipotulia, suti ya mgeni ilikuwa na madoa kama ya kuku wa kienyeji, Meya alikuwa anatafutwa ndani ya kitambaa, na juu yao wote ubao uliwaka kijani kibichi: KUMI NA MOJA. HEWA SAFI. VUTA PUMZI.

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Mgeni alitazama kiganja chake cheusi, akatazama ubao, akatazama kiganja tena.

"Nani atanieleza?" aliuliza.

Mkuu alikuwa na maelezo, hakuwahi kuyakosa. Aliinama mbele ya kipaza sauti. "Mgeni rasmi, tunaomba radhi sana. Hili ni kosa la dobi. Shuka ililetwa ikiwa chafu, nasi kwa kumheshimu mzee wetu hatukutaka kumwaibisha."

Bi Dobi aliinuka. Ilimchukua muda, alishika mgongo wa kiti, na watu wakangoja kikohozi kiishe.

"Miaka thelathini na moja," alisema, akipumua kila baada ya maneno machache. "Watu wamepasuliwa juu ya mashuka yangu. Watoto wamezaliwa juu yake. Hajatokea mtu kuniambia ni chafu." Hakumtazama Mkuu wala mgeni. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama kando ya turubai na daftari kwapani. "Aliyeileta ni yule. Mwambieni aseme ilikuwaje."

Uwanja mzima ukageuka. Mkuu naye aligeuka, na macho yake yalisema kiti, kiti, kiti. Mpima hewa alilikaza daftari kwapani, akasogea mbele ya watu.

"Ilikuwa nyeupe," alisema. "Imekaa hapo siku kumi na moja. Hiyo rangi ni ya hapa." Na kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaona aibu kuishia njiani. "Na hiyo namba ya ubaoni si ya hapa. Sanduku liko bustani ya baraza, nyuma ya maua. Nilitia saini mimi lihamishwe. Lilikuwa siku ya ishirini na sita."

Hapo ndipo wauza viatu walipoanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka nyuma kabisa.

Mambo yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Tuzo haikutolewa. Mgeni aliagiza sanduku lirudishwe stendi siku ileile, na akasema atakuja baada ya siku thelathini na moja kulisoma mwenyewe, na safari hii hatasogeza. Baraza liliunda kamati ya watu tisa kuchunguza shuka. Mkuu alihamishiwa idara ya maji, akaanza kuvaa tai za bluu. Mpima hewa alipewa barua ya onyo kwa kushindwa kutunza kitambaa cha sherehe, na kile kiti alipewa yule aliyeipaka ramani rangi. Barua aliisoma amesimama kwenye kizingiti chake cha dirisha.

Kesho yake mji ukawa mwekundu tena ukutani mwa zahanati, na mgawa dawa mwenye kalamu nywelani akamletea Bi Dobi pampu mbili nyumbani, kwa miguu yake. Bibi wa watu akapata dawa kwa sababu hewa ilikuwa imekubaliwa kuwa mbaya, na sijui kama kuna mtu aliyewahi kufurahia habari mbaya kiasi kile.

Mpima hewa alirudi na ile shuka kwenye ndoo, maana kamati ilimaliza kuikagua kwa dakika tano na haikutaka kushika zaidi. Wakaifua pamoja uani, mama ameketi kigodani, mwana ameinama. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu meusi, ya saba yakaanza kuwa ya kijivu.

"Ulijua itakuwa hivi," alisema mwana.

"Nilianika nguo maisha yangu yote, nisijue? Nilidhani siku moja tu itatosha kuwachafua kidogo. Wenyewe wakanipa kumi na moja." Alitia mkono kwenye beseni, akautoa ukidondosha weusi. "Shuka hii itatakata, mwanangu, hata kama ni maji ya ishirini. Mimi masizi hayo yamo humu kifuani miaka kumi na mitano. Nani atanifulia?"

 Mwanawe alimwaga maji, akajaza mengine, wakaendelea. Jioni alimtajia namba, mia na themanini na nane, na Bi Dobi akatoa kibanio kimoja kwenye kopo, akampa akibane yeye.

"Kimoja," alisema. "Na baada ya siku ya ishirini na sita, ukiitwa tena ofisini, nakuomba uwe mgonjwa wa ofisi, si wa ngazi."